Mgongo na Macho Vinakutana Wapi

Mtu anaweza kuingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya uti wa mgongo, kazi ikaenda vizuri, skrubu zikakaa mahali pake, miguu iliyokuwa imekufa ganzi ikaanza kupata hisia, naye akaamka haoni. Jicho halikuguswa. Kisu hakikufika hata karibu na uso. Ni jambo la nadra sana. Wapo madaktari wa usingizi wanaofanya kazi hadi kustaafu bila kukutana nalo. Lakini lipo, limeandikwa kwenye vitabu tunavyosomea, na wagonjwa wengi wamelala mezani bila mtu kuwaambia kwamba lipo.

Mimi ni mtaalamu wa usingizi. Watu wengi wanadhani kazi yetu ni kuchoma sindano ya nusu kaputi na kwenda zetu. Sisi ndio tunaobaki kichwani kwa mgonjwa muda wote, tukimpumulisha kwa mashine, tukihesabu damu inayotoka na maji yanayoingia, tukifuatilia presha, mkojo na joto la mwili. Daktari mpasuaji yuko mgongoni, mimi niko usoni. Macho ya mgonjwa yako mikononi mwangu kuliko mwa mtu mwingine yeyote mle ndani, na jambo hili nimelichukua kuwa langu tangu nilipolisoma mara ya kwanza.

Naliandika sasa kwa sababu mambo yamebadilika nchini kwetu. Miaka si mingi iliyopita, Mtanzania mwenye tatizo kubwa la uti wa mgongo au la moyo alitafutiwa rufaa ya India. Leo mgongo unapasuliwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, moyo unapasuliwa katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, na hospitali nyingine zinafuata. Najivunia hilo kwa dhati. Ila ukipokea upasuaji wa saa nyingi, unapokea na madhara yake adimu, na ni vizuri maneno ya kuyaeleza kwa Kiswahili yawepo kabla madhara yenyewe hayajafika.

Huwa napita wodini jioni ya kuamkia upasuaji. Namuuliza mgonjwa kuhusu pumu, mzio, dawa anazotumia, meno yanayocheza, kama amewahi kupewa usingizi na kama ulimsumbua. Mzee mmoja, fundi seremala, alikuwa apasuliwe pingili kadhaa za kiunoni kwa sababu mfereji wa uti wa mgongo ulikuwa umebana na miguu inamwisha nguvu. Alinijibu yote kwa utulivu. Nilipofika kwenye macho akanisimamisha.

“Binti yangu, hapo umeniacha. Mgongo na macho vinakutana wapi?”

Kijana wake mkubwa alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Kabla sijajibu aliniomba tutoke kidogo, na tulipofika kwenye korido akasema kwa sauti ya chini, “Dada, samahani, hayo ya macho naomba tuyaache. Mzee presha itampanda, kesho atakataa kupasuliwa, na sisi tumehangaika sana kumfikisha hapa.”

Sikumlaumu. Mtoto anayemuuguza mzazi anabeba hofu za watu wawili. Lakini macho yalikuwa ya mzee, na swali lilikuwa la mzee. Nikamwambia kijana twende wote, asikie pamoja naye, ili kesho na keshokutwa wawe na habari moja. Nikarudi nikavuta kiti.

Nyuma ya kila jicho kuna mshipa mmoja wa fahamu unaopeleka kila unachokiona kwenye ubongo. Ndani yake mna nyuzi zaidi ya milioni moja. Mshipa huo nao unahitaji damu, na sehemu yake ya nyuma, ile iliyo ndani kabisa ya tundu la jicho, hulishwa na vimishipa vyembamba mno vinavyopenya kutoka kwenye utando unaouzunguka. Vimishipa hivyo havina msaidizi. Wenyeji wa Kilimanjaro wanaojua mifereji ya kumwagilia watanielewa haraka: maji yakipungua mlimani, shamba la mwisho kwenye mfereji ndilo linalokauka wakati mashamba ya juu bado mabichi. Presha inaweza kusomeka vizuri kwenye mashine, figo zikatoa mkojo, moyo ukapiga sawasawa, na sehemu ile ndogo ya nyuma ya jicho ikawa inakosa damu bila mashine yoyote kuniambia. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika habari hii yote. Nina kipimo cha moyo, nina kipimo cha oksijeni, lakini hakuna kipimo cha kawaida cha thieta kinacholia kwa ajili ya mshipa wa jicho.

Sasa kwa nini mgongo? Kwa sababu ya kulala kifudifudi. Mtu akilazwa hivyo kwa saa nyingi, damu ya kichwani inachelewa kurudi kwenye moyo, hasa kichwa kikiwa chini kuliko moyo, na zaidi kama tumbo limebanwa. Wakati huohuo damu inamwagika kwenye kidonda, nasi tunajaza dripu, na maji mengi ya dripu hayakai ndani ya mishipa, yanahamia kwenye nyama laini. Ndugu wakimwona mgonjwa wao baada ya upasuaji mrefu wa mgongo hushtuka: midomo imejaa, kope zimevimba, uso si ule waliouaga. Uvimbe unaouona nje upo pia ndani ya tundu la jicho, na huko ndani hakuna pa kutanukia, ni mfupa kila upande. Vimishipa vinabanwa kutoka nje wakati damu inayokuja kutoka ndani imepungua.

Presha ya ndani ya jicho nayo hupanda. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001 uliwapima wagonjwa 20 wa mgongo. Wakiwa macho, kabla ya dawa, wastani ulikuwa milimita 19 za zebaki. Walipolala usingizi ukashuka hadi 13. Walipogeuzwa kifudifudi ukapanda hadi 27, na mwisho wa upasuaji, kabla ya kugeuzwa tena, ulikuwa 40. Kwenye kliniki ya macho, mtu akisoma zaidi ya 21 huanza kuchunguzwa ugonjwa wa presha ya macho, yaani glakoma.

“Kwa hiyo vinakutana kwenye mto wa kulalia,” mzee akasema, akiwa amenikazia macho. Nikamwambia ndiyo, kwenye mto, na kwenye saa, na kwenye damu.

Lakini siyo kila anayeamka haoni amefika huko kwa njia moja, na kutofautisha njia hizi ni muhimu kwa sababu baadhi zinazuilika kabisa.

Ya zamani kueleweka ni ile ya jicho kukandamizwa. Mwaka 1954 daktari wa macho Robert Hollenhorst na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa 8 waliopoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja baada ya upasuaji wa mfumo wa fahamu. Uso ulikuwa umelalia kiegemeo kwa namna iliyolibana jicho, damu ikashindwa kuingia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Walirudia jaribio kwa nyani wakapata matokeo yaleyale. Tangu hapo kila anayefundishwa kazi yetu anafundishwa kulinda jicho lisiguse kitu. Mimi natumia sponji yenye tundu la macho, pua na mdomo, na chini yake kioo, ili nikiinama niyaone macho yote mawili bila kumgeuza mgonjwa. Nachungulia mara kwa mara na kila nikichungulia naandika kwenye karatasi ya usingizi. Mpasuaji akiegemea, akipiga nyundo, akivuta, kichwa kinaweza kusogea kwa kiasi kidogo sana ambacho mtu aliyeko mgongoni hawezi kukijua. Anayekijua ni yule aliyeinama chini ya meza na tochi. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo kila mara, kwa sababu saa ya nne ya upasuaji, watu wamechoka na shuka zimefunika kila kitu, ni rahisi kuandika “macho yako salama” bila kuinama. Sitaki kabisa kuona karatasi ya namna hiyo.

Njia nyingine iko mbali, kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea picha. Ikikosa oksijeni, au bonge dogo la damu likasafiri hadi huko, macho yanabaki mazima kabisa na mtu haoni. Katika takwimu za Marekani, walio chini ya miaka 18 ndio waliopata zaidi upofu wa aina hii. Ipo pia ile ya wazee wanaokwanguliwa tezi dume kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo: kama maji ya kuoshea ni ya glaisini na yakiingia kwa wingi kwenye damu, mgonjwa anaweza kuona giza kwa muda, na kwa kawaida hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa 24. Na ipo presha ya macho ya ghafla, inayokuja na maumivu makali, jicho jekundu na kutapika, pengine baada ya siku kadhaa. Hiyo ina tiba, na ikiwahiwa jicho linaokoka.

Na kuna mkwaruzo wa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ambao ndio wa kawaida kuliko yote. Mtu anaamka jicho linamkereketa kama lina mchanga, linatoa machozi, anaona ukungu. Huo hupona kwa siku chache. Nautaja hapa ili anayeamka na ukungu asidhani mara moja kwamba maisha yake yamebadilika.

Turudi kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, maana hapo ndipo elimu yenyewe ilipogeuka. Kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kuamini kwamba kila aliyepofuka baada ya upasuaji alikandamizwa jicho na mtu mzembe. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilianzisha rejista ya kukusanya visa hivi kutoka popote vilipotokea, bila majina. Mwaka 2006 wakachapisha visa 93 vya upasuaji wa mgongo. Kati ya hivyo, 83 vilikuwa vya mshipa wa fahamu wa jicho kukosa damu, na 10 tu vilikuwa vya ateri ya retina kuziba. Wale 10 waliathirika jicho moja, na wengi wao walikuwa na dalili usoni za kukandamizwa, kama Hollenhorst alivyoeleza. Lakini wale 83, theluthi mbili walipofuka macho yote mawili, na 16 kati ya hao 83 kichwa kilikuwa kimeshikwa na pini za chuma kwenye fuvu, uso ukining'inia hewani, jicho halikugusana na kitu chochote.

Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mtu wa kazi yangu. Umelinda jicho, hukulibana, umechungulia kila inavyotakiwa, na mgonjwa ameamka haoni. Wengi wao hawakuwa wazee wala mahututi. Wastani wa umri ulikuwa kama miaka 50, na wengi walikuwa na afya nzuri walipoingia. Walichofanana ni muda na damu: katika visa 96 kwa kila 100, usingizi ulidumu saa 6 au zaidi, au damu iliyopotea ilifika lita moja au zaidi, au vyote viwili.

Mwaka 2012 ukaja utafiti mwingine uliolinganisha wagonjwa 80 waliopofuka namna hiyo na wengine 315 waliofanyiwa upasuaji wa aina ileile wakaamka wanaona. Mambo 6 yalijitokeza: kuwa mwanamume, unene uliopitiliza, kulazwa kwenye fremu ya Wilson, usingizi mrefu, damu nyingi kupotea, na dripu aina ya koloidi, ile inayokaa zaidi ndani ya mishipa, kuwa sehemu ndogo ya maji yote aliyopewa. Fremu ya Wilson ni ile inayoinua mgongo ili mpasuaji afike vizuri kati ya pingili, ila inakiacha kichwa chini kuliko moyo. Kushuka kwa presha, ambako wengi tulikutegemea, hakumo kwenye orodha hiyo.

Mimi orodha hiyo ilinipa matumaini. Jinsia siwezi kuibadilisha, unene siwezi kuuondoa usiku mmoja. Lakini fremu inachaguliwa. Meza inaweza kuinuliwa kidogo upande wa kichwa. Dripu inaweza kupangwa. Upasuaji mrefu unaweza kugawanywa siku mbili. Na wenzetu waliofuatilia takwimu za Marekani kati ya 1998 na 2012 walikuta visa vya namna hii katika upasuaji wa kuunganisha pingili vimepungua sana, zaidi ya mara mbili na nusu. Kuna kitu watu walianza kukifanya vizuri zaidi.

Sasa unadra wenyewe. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 ulipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 5.6 wa Marekani waliofanyiwa upasuaji kati ya 1996 na 2005. Kwa jumla, waliopoteza uwezo wa kuona walikuwa 2.35 katika kila 10,000. Upasuaji wa mgongo ulikuwa 3.09 katika kila 10,000, na wa moyo ndio ulioongoza, 8.64 katika kila 10,000. Kwa hiyo dada unayesoma haya na wiki ijayo unapasuliwa kujifungua, au kaka unayekwenda kutolewa ngiri, usipoteze usingizi. Huku siko ninakozungumzia. Nazungumzia upasuaji mrefu, wa kifudifudi au wa moyo, au ule wa kulazwa kichwa chini miguu juu kwa saa nyingi.

Wapo wenzangu wanaosema watu 3 katika 10,000 ni idadi ndogo mno kumtia mtu hofu usiku wa kuamkia upasuaji. Wananiambia, je, utamtajia na radi? Nawaheshimu, na wengine ni walimu wangu, lakini katika hili siko nao. Ukubwa wa hatari haupimwi kwa idadi peke yake, unapimwa pia kwa kile kinachopotea. Mgonjwa namwambia kwamba koo litamuuma, kwamba anaweza kutapika, kwamba jino linaweza kung'oka, halafu la macho ninyamaze? Mwongozo wa chama kilekile cha Marekani, uliotolewa mwaka 2006 na kurekebishwa 2012 na 2019, unataka tufikirie kuwaambia wale wanaotarajiwa kukaa muda mrefu wakiwa kifudifudi, kupoteza damu nyingi, au vyote viwili, kwamba hatari hii ndogo ipo na haitabiriki.

Yule mzee alinisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha presha. Aliuliza, “Na nikiacha kupasuliwa?” Nikamwambia hilo atamjibu vizuri zaidi mpasuaji, ila miguu ilikuwa inaendelea kuisha nguvu, na mtu akifika hapo haja ndogo na kubwa nazo huanza kumtoka bila hiari. Akauliza tena, “Hii kazi lazima iishe siku moja? Mimi kabati kubwa sijawahi kulimaliza siku moja.” Asubuhi daktari mpasuaji alikuja, tukakaa wote, wakakubaliana kwamba muda ukipita kiasi fulani au damu ikizidi kiasi fulani, wanafunga, na sehemu iliyobaki itafanywa siku nyingine. Kijana wake alikuwepo. Swali la mzee lilibadilisha mpango wa upasuaji, na asingeliuliza kama tungelimaliza jambo kwenye korido. Upasuaji ulikwisha ndani ya muda, na alipoamka aliniambia idadi ya vidole vyangu kabla sijamuuliza.

Ninayo sababu nyingine ya kutaka mgonjwa ajue, nayo ni saa za kwanza baada ya kuamka.

Upofu wa mshipa wa jicho hauumi. Mtu anaamka kichwa kizito, kope zimevimba, pengine macho yana jeli tuliyompaka yasikauke, na chumba cha uangalizi kina mwanga hafifu. Akisema haoni vizuri, kila aliye karibu ana jibu tayari: ni dawa, itaisha. Mama mmoja niliyekutana naye baadaye kliniki, aliyepasuliwa kwingine, alinisimulia kwamba alisema “naona giza” akaambiwa alale. Akasema tena asubuhi, akaambiwa ni uvimbe. Siku ya tatu ndipo alipoitwa daktari wa macho, naye alipochungulia nyuma ya jicho akakuta panaonekana safi. Basi maneno yakaanza kwamba mama anaigiza, kwamba ana msongo wa mawazo. Nyumbani shemeji zake wakaanza kumtafuta aliyemroga.

Huyu mama alikuwa anasema kweli tangu sentensi yake ya kwanza. Ugonjwa huu ukikamata sehemu ya nyuma ya mshipa, kule ndani kabisa, ile sehemu inayochunguliwa kwa kifaa cha daktari wa macho huonekana ya kawaida mwanzoni, na weupe wa mshipa uliokufa huja baada ya wiki kadhaa. Kinachosema ukweli mapema ni mboni. Ukimulika tochi kwenye jicho lenye afya, mboni inasinyaa. Mishipa ya macho yote mawili ikiwa imekosa damu, mboni haijibu, au inajibu kivivu. Tatizo likiwa kisogoni, mboni inasinyaa vizuri ilhali mtu haoni. Dawa za maumivu za jamii ya mofini huzifanya mboni kuwa ndogo, kwa hiyo inataka mtu mwenye uzoefu, lakini ni kipimo cha tochi. Hakuna hospitali isiyo na tochi.

Sitadanganya kwamba mama yule angewahiwa angeona leo. Kwa mshipa uliokosa damu hakuna tiba iliyothibitishwa. Wanaopata nafuu ni wachache kuliko tunavyotamani, na nafuu yenyewe mara nyingi ni ndogo. Kinachofanyika ni kurekebisha presha iliyoshuka, kuongeza damu iliyopungua, kuhakikisha oksijeni inatosha, na kumwita daktari wa macho mara moja. Lakini palepale mwanzoni, hakuna anayejua bado ni aina ipi. Inaweza kuwa presha ya macho ya ghafla, yenye tiba. Inaweza kuwa kiharusi, chenye dalili nyingine za kutafuta. Inaweza kuwa damu imevuja nyuma ya jicho na inalisukuma nje, jambo la kushughulikiwa kwa dakika, si kwa siku. Kumwambia mtu alale ni kuyaacha yote hayo bila kuyatafuta. Na hata pale pasipokuwa na tiba, mtu ana haki ya kuaminiwa.

Kwa hiyo nikikushauri kama ndugu yangu, ningekuambia hivi. Kama una presha ya macho, kisukari, ulishapata kiharusi, au jicho lako moja halioni vizuri tangu zamani, sema wodini hata kama hujaulizwa. Uliza upasuaji unatarajiwa kuchukua saa ngapi na kama unaweza kugawanywa. Uliza utalazwaje na kichwa chako kitakuwa juu au chini ya moyo. Uliza damu ya akiba imeandaliwa. Haya si maswali ya ujuaji, na daktari mzuri hayamkeri. Na wewe ndugu unayemsubiri nje, ukiruhusiwa kuingia na mgonjwa ameshazinduka, muulize kama anakuona, jicho moja moja, na mwonyeshe vidole. Akisema hapana, mwite muuguzi, na usikubali kuondoka pale kwa jibu la “itaisha” mpaka mtu ameshika tochi.

Kwa aliyekwisha kupoteza uwezo wa kuona, sehemu kubwa ya msaada iko nje ya hospitali, na hospitali zetu humruhusu mtu kwenda nyumbani bila kumwonyesha njia hiyo. Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, kipo, na kina watu waliokwisha kupitia mwaka wa kwanza ule mgumu wa kujifunza kutembea upya na fimbo nyeupe na kutumia simu inayosoma kwa sauti. Mama yule wa kliniki aliniambia kwamba kilichomtoa kitandani ni mwanamke mwenzake asiyeona aliyekuja kukaa naye jikoni akamwonyesha jinsi ya kumimina chai bila kujiunguza. Sisi madaktari tulimpa karatasi ya rufaa.

Ninachokidai kwenye kazi yangu mwenyewe ni kidogo. Fomu za ridhaa ninazoziona zina mstari wa kutokwa damu, wa maambukizi, wa kupooza, wa kifo. Kwa upasuaji wa mgongo unaotarajiwa kuzidi saa chache, nataka uongezwe mstari mmoja, na nimeshauandika kwa mkono kwenye fomu za wagonjwa wangu: “Nimeelezwa kwamba mara chache sana mtu huamka haoni kwa jicho moja au yote mawili, nimeelezwa kitakachofanywa kupunguza hatari hiyo, na nimeambiwa nitaulizwa kama ninaona mara tu nitakapozinduka.” Kipande cha mwisho kinatubana sisi. Mtu akishasaini kwamba ataulizwa, lazima awepo wa kumuuliza, na jibu liandikwe kwenye faili pamoja na saa.